Sahani ndogo, biashara kubwa: Pweza na siri ya baa za tapas za Madrid

SAHANI moja ya pweza aliyechemshwa, akakatwa vipande na kunyunyiziwa chumvi, mafuta ya zeituni na unga mwekundu wa paprika, huuzwa kwa zaidi ya euro 20 katika baa nyingi za katikati ya jiji la Madrid, Hispania.

Haina wali wala ugali. Huambatana na vipande vya mkate, pengine na viazi vya kuchemsha. Wala si chakula cha mtu mmoja. Huwekwa katikati ya meza, watu watatu au wanne wakadonoa kila mmoja kwa kijiti chake, kisha wakaagiza kitu kingine, au wakalipa na kuhamia baa ya pili.

Huo ndio ulaji unaojulikana kama tapas, ulioanza kama kitu cha kusindikizia kinywaji na sasa umekuwa moja ya sababu zinazowavuta wageni Hispania, nchi iliyopokea watalii wa nje takriban milioni 94 mwaka 2024.

Kwa mwenye mgahawa wa Afrika Mashariki, biashara hiyo inafundisha namna ya kuuza chakula kidogo kwa thamani kubwa. Kwa mvuvi wa pwani, inamgusa moja kwa moja, kwani pweza wa Tanzania ni miongoni mwa mazao ya bahari yanayosafirishwa kwenda nchi za kusini mwa Ulaya, Hispania ikiwamo.

Kifuniko cha glasi

Neno tapa kwa Kihispania maana yake ni kifuniko. Zipo hadithi nyingi kuhusu jina hilo. Wako wanaosema kuwa wenye baa wa zamani walifunika glasi kwa kipande cha mkate au nyama kuzuia nzi na vumbi. Wengine husimulia habari za mfalme mmoja aliyeitwa Alfonso, ambaye alifunikiwa glasi yake kwa kipande cha nyama ili mchanga wa pwani ya Cádiz usiingie.

Hadithi yoyote iwayo ya kweli, hesabu ya mwenye baa inaeleweka. Kitafunio chenye chumvi humfanya mteja apate kiu, na mwenye kiu huagiza tena.

Katika mji wa Granada, kusini mwa nchi hiyo, desturi ya kumpa mteja kitafunio cha bure kwa kila kinywaji ingali hai. Madrid ni tofauti kidogo. Anayeagiza bia ndogo au soda aghalabu huletewa zeituni chache, karanga au viazi vikavu bila malipo, lakini akitaka kitu cha kushibisha hulipia.

Mambo yanayouzwa si ya ajabu. Tortilla ya Hispania ni kimanda kinene cha mayai na viazi, ndugu wa karibu wa chipsi mayai ya Dar es Salaam. Croquetas ni vidonge vya kukaanga ambavyo mpenzi wa katlesi hawezi kuvishangaa. Boquerones ni samaki wadogo wa jamii ya dagaa mchele, waliolowekwa katika siki na kitunguu saumu. Viazi vya bravas ni viazi vya kukaanga vilivyomwagiwa mchuzi wenye pilipili.

Kwa maneno mengine, sehemu kubwa ya orodha hiyo ni viazi, mayai, mkate, samaki wadogo na mafuta. Ni malighafi za kawaida. Kinachoongeza bei ni namna zinavyopikwa, zinavyopangwa na zinavyouzwa.

Kila baa na sifa yake

Mtu anayekwenda kula tapas Madrid hakai sehemu moja usiku kucha. Kawaida ni kuzunguka: kinywaji kimoja na sahani moja hapa, kisha mlango wa pili, kisha wa tatu. Mtaa wa Cava Baja katika eneo la La Latina umejaa baa za aina hiyo, na siku za Jumapili hufurika watu wanaotoka katika gulio la El Rastro lililo karibu.

Saa nazo zina taratibu zake. Duru ya mchana huanza yapata saa 7, kabla ya chakula cha mchana ambacho Wahispania hula kati ya saa 8 na saa 10. Duru ya jioni huanza saa 2 usiku, na wengi hawali chakula cha usiku kabla ya saa 3. Mgeni anayebisha hodi saa 12 jioni huenda akakuta jiko limefungwa.

Mzunguko huo umezaa kanuni muhimu ya biashara: kila baa hujulikana kwa kitu kimoja au viwili. Haishindani na jirani kwa kila kitu, kwa sababu mteja huyo huyo atapita kwa jirani baada ya nusu saa.

Casa Labra, karibu na uwanja wa Puerta del Sol, ni mfano mzuri. Baa hiyo iliyofunguliwa mwaka 1860 inasifika kwa vipande vya bacalao, samaki wa bahari za baridi anayehifadhiwa kwa chumvi kama ng'onda, kisha akalowekwa, akachovywa katika unga na kukaangwa. Foleni hutoka hadi nje. Humo ndimo chama cha kisoshalisti cha Hispania, PSOE, kilimoasisiwa Mei 2, 1879, lakini wengi wanaopanga foleni hufuata samaki, si historia.

La Casa del Abuelo, iliyoanza mwaka 1906, huuza kamba waliokaangwa katika mafuta ya zeituni na kitunguu saumu, wakiletwa mezani katika vibakuli vya udongo huku mafuta yakichemka. Baa zinazozunguka uwanja wa Plaza Mayor nazo hujulikana kwa mkate uliojazwa ngisi wa kukaanga.

Mwenye baa anayepika kitu kimoja kila siku kwa miaka mingi hupata faida tatu. Hununua malighafi kwa wingi na kwa bei nafuu, mpishi wake hukihodhi kipaji, na chakula hakilali kwa kuwa kinauzwa chote.

Hesabu ya kaunta

Katika baa nyingi za zamani, mteja husimama kwenye kaunta. Eneo ambalo lingechukua meza mbili za watu wanne wanne huweza kuhudumia watu ishirini waliosimama, ambao hawakai muda mrefu. Anayetaka kukaa mezani nje, barabarani, mara nyingi hulipa bei ya juu kidogo kwa chakula kile kile.

Vipimo navyo viko vitatu. Tapa ni kionjo, media ración ni nusu sahani, na ración ni sahani kamili ya kugawana. Hivyo, mwanafunzi mwenye sarafu chache na kundi la wafanyakazi waliopokea mshahara huweza kuagiza kitu kile kile katika baa ile ile, kila mmoja kwa uwezo wake.

Mabaki nayo hayatupwi. Vipande vya mwisho vya nyama iliyobaki kwenye mfupa, au kuku wa mchuzi wa jana, huchanganywa na maziwa na unga na kuwa croquetas. Wateja wengine hupima ubora wa baa kwa croquetas zake, wakati mzizi wa chakula hicho ni kutumia kilichobaki.

Malipo huwa mwishoni. Mhudumu hukumbuka, au huandika kwa chaki kwenye kaunta, nani kala nini. Katika baa za eneo la Basque, kaskazini, ambako vitafunio huchomwa kwa vijiti, mteja huchukua mwenyewe na baadaye vijiti vilivyobaki kwenye sahani yake ndivyo vinavyohesabiwa. Uaminifu huo hupunguza kazi ya mhudumu na kuharakisha huduma.

Wateja nao wana utaratibu wa kuchangishana. Kila mmoja hutoa kiasi sawa mwanzoni mwa usiku, mmoja wao akashika fedha na kulipa kila baa mpaka ziishe. Kwa mwenye baa, hilo lina maana kuwa fedha zimekwisha kutengwa kwa matumizi hayo kabla kundi halijaingia.

Si kwamba biashara hiyo ni ya mteremko. Kodi za pango katikati ya Madrid zimepanda, na baa kadhaa za familia zimewapisha wauzaji wanaolenga watalii peke yao. Soko la San Miguel, jengo la chuma lililofunguliwa mwaka 1916, lilifunguliwa upya mwaka 2009 likiwa na vibanda vya vitafunio mahali palipouzwa mboga na nyama mbichi, na wapo wakazi wanaolalamika kuwa bei zake si za mwenyeji. Mwaka 2020, Serikali ilipotangaza hali ya hatari kwa sababu ya ugonjwa wa Covid-19, baa zote zilifungwa, na biashara inayotegemea watu kubanana kwenye kaunta ilikuwa miongoni mwa zilizoumia zaidi.

Jina la mahali lina bei

Nyuma ya kaunta hizo yuko mkulima, na hapa ndipo Hispania imecheza karata yake vizuri. Baa haimuuzii mteja paprika tu. Inamuuzia paprika ya La Vera, bonde lililoko katika jimbo la Cáceres, ambako wakulima hukausha pilipili zao kwa moshi wa mti wa mwaloni. Jina hilo linalindwa kisheria, na mzalishaji wa nje ya eneo hilo haruhusiwi kulitumia.

Hali ni hiyo hiyo kwa mafuta ya zeituni, zao ambalo Hispania inaongoza duniani, na kwa nyama ya nguruwe iliyokaushwa kwa chumvi. Nguruwe wa daraja la juu kabisa hunenepeshwa kwa kokwa za mwaloni malishoni, na paja moja huweza kuning'inizwa miaka mitatu au zaidi kabla ya kukatwa. Tangu mwaka 2014, kila paja la aina hiyo hufungwa lebo ya rangi inayomweleza mnunuzi mnyama alilishwa nini.

Msomaji asiyekula nguruwe ana mengi ya kuchagua, kuanzia samaki, kamba na kome hadi mayai na mboga. Ajihadhari tu na croquetas na sahani za maharage, ambazo mara nyingi hutiwa vipande vya nyama hiyo. Kwa asiyekunywa pombe, baa nyingi huuza maji ya zabibu yasiyochachuka yanayoitwa mosto.

Hata chakula cha kopo kina heshima yake. Kome wanaofugwa kwenye machelezo katika ghuba za Galicia, kaskazini magharibi, huwekwa katika makopo na kufunguliwa mbele ya mteja kama kitu cha anasa.

Jiji lisilo na bahari

Madrid iko zaidi ya kilomita 300 kutoka bahari iliyo karibu. Hata hivyo, Wahispania wana utani kuwa ndiyo bandari bora ya nchi yao, kwa kuwa samaki wazuri hukimbilia palipo na fedha. Soko la jumla la Mercamadrid, ambalo sehemu yake ya samaki ilifunguliwa mwaka 1982, ni moja ya masoko makubwa ya samaki duniani.

Pweza ni mfano wa safari hiyo. Namna maarufu zaidi ya kumpika inatoka Galicia. Huchovywa mara tatu katika maji yanayochemka ili ngozi isichubuke, ndipo anapoachwa aive katika sufuria kubwa ya shaba. Hukatwa kwa mkasi na kuwekwa kwenye sahani ya mbao. Mji uliojipatia jina kwa upishi huo, O Carballiño, hauko pwani. Uko bara, na kila Agosti hufanya sikukuu ya pweza inayojaza watu.

Zamani wapishi walimpiga pweza ili alainike, kama wafanyavyo wavuvi wengi wa Afrika Mashariki. Siku hizi wengi humgandisha kwanza, kwa kuwa barafu hupasua nyuzi za nyama yake na kufanya kazi ile ile. Jambo hilo lina maana kubwa kibiashara: pweza aliyegandishwa hahesabiwi kuwa duni, hivyo anaweza kutoka mbali.

Na kweli hutoka mbali. Pweza wa Galicia hawatoshi, na sehemu kubwa ya wanaoliwa Hispania huvuliwa katika maji ya Morocco na Mauritania. Uhaba umepandisha bei kiasi kwamba kampuni ya Nueva Pescanova ilitangaza mwaka 2019 kuwa imefanikiwa kuzalisha pweza katika mabwawa. Mpango wake wa kujenga shamba huko Gran Canaria ulipingwa vikali na watetezi wa wanyama, na mwaka 2024 majimbo ya Washington na California nchini Marekani yalipiga marufuku ufugaji wa aina hiyo.

Pweza wa bamvua

Pweza wa pwani ya Afrika Mashariki ni wa jamii nyingine, Octopus cyanea, anayeishi kwenye miamba ya matumbawe. Huvuliwa zaidi wakati wa maji ya bamvua, bahari inapokupwa mbali na miamba kubaki wazi. Wanawake hutembea kwa miguu wakiwa na fimbo au nondo, wakichungulia shimo kwa shimo, huku wanaume wengi wakizamia kwa miwani katika maji ya kina.

Kwa wanawake wa vijiji vya Mafia, Kilwa, Unguja na Pemba, hii ni moja ya kazi chache za baharini zisizohitaji chombo wala mtaji. Fedha yake hulipa daftari na sare za shule.

Lakini mvuvi huyo huuza siku hiyo hiyo, kwa mnunuzi aliyekuja na mizani na barafu. Asipouza, pweza huharibika. Kwa hiyo bei hupangwa na mwenye barafu, na mvuvi hana nguvu ya kubishana.

Pweza hunywea sana jikoni. Kilo moja ya mbichi hubaki karibu nusu kilo ikishaiva, ambayo hutoa sahani mbili au tatu za Madrid, yaani euro 40 hadi 60 au zaidi. Katika fedha hizo umo mshahara wa mpishi na wahudumu, pango, umeme, usafiri na kodi ya mauzo ya asilimia 10. Hata ukitoa yote hayo, ni wazi kuwa sehemu kubwa ya thamani huzaliwa baada ya pweza kutoka mikononi mwa mvuvi.

Kufika katika soko hilo nako kuna masharti. Wafanyabiashara wa sangara wa Ziwa Victoria wanakumbuka mwaka 1997, Hispania na Italia zilipozuia samaki hao kwa madai ya vimelea vya salmonela. Viwanda vililazimika kubadili taratibu za usafi kuanzia mwaloni hadi kwenye makasha. Anayetaka kuuza Ulaya anapaswa kuanza na barafu safi, maji safi na kumbukumbu za mzigo ulikotoka.

Kufunga mwamba ili kuuza zaidi

Tatizo kubwa zaidi ni uzito. Pweza hukua haraka na huishi muda mfupi, kiasi cha mwaka mmoja hivi. Jike hutaga mara moja tu, hulinda mayai yake, kisha hufa. Anayevuliwa akiwa mdogo huwa hajaacha kizazi na hana bei. Kanuni za uvuvi za Tanzania Bara zinakataza kuvua na kuuza pweza aliye chini ya nusu kilo, lakini katika miamba inayopigwa kila bamvua si rahisi kumwambia mwenye njaa amwache.

Njia iliyoonyesha matunda ilianzia kijiji cha Andavadoaka, kusini magharibi mwa Madagascar, mwaka 2004. Wanakijiji walikubaliana kufunga sehemu ya mwamba wao kwa miezi kadhaa, na walipoifungua walikuta pweza wakubwa zaidi. Utaratibu huo ulienea, na umejaribiwa pia nchini Tanzania, kikiwamo Kisiwa Panza huko Pemba na Songosongo wilayani Kilwa.

Morocco nayo husimamisha uvuvi wa pweza kwa vipindi kila mwaka, jambo linalofanya wanunuzi wa Hispania watafute mzigo kwingine. Kijiji kinachofahamu kalenda hiyo na kupanga siku ya kufungua mwamba wake kinaweza kukaa mezani na wanunuzi wawili au watatu kwa mpigo, badala ya kumsubiri mmoja.

Meza iliyo karibu

Wakati mvuvi akisubiri bei ya Ulaya, soko jingine liko jirani. Muuza pweza wa mitaani Dar es Salaam, mwenye sinia, kisu, bakuli la pilipili na vijiti, tayari anafanya biashara ya tapas bila kuiita hivyo. Huuza kipande kimoja kimoja, mteja husimama, hula, huhesabiwa na kulipa. Forodhani, Unguja, watalii hufanya vivyo hivyo kila jioni.

Tofauti iko katika mambo ambayo hayahitaji mtaji mkubwa: meza safi, maji ya kunawa, bei iliyoandikwa, vipimo vya aina tatu, na jina la mahali. Pweza wa Jibondo au wa Songosongo akitajwa kwa jina lake, na mteja akaambiwa kuwa ametoka katika mwamba uliopumzishwa, ni bidhaa tofauti na pweza asiye na kwao.

Vikundi vya wavuvi wanawake vinavyoweza kununua jokofu moja la pamoja na kukubaliana na hoteli mbili tatu za utalii vitakuwa vimepunguza utegemezi kwa mwenye barafu. Kila siku ambayo pweza anaweza kukaa bila kuharibika ni siku ya ziada ya kutafuta bei.